Vidonge vya Gichiaro

Hebu nikutegee kitu kabla hujakaa vizuri. Kuna nyumba ndogo isiyoonekana kwa macho. Kuta zake zimejaa masikio kwa nje, na kila sikio linajua neno moja tu. Mwenye neno hilo akifika, nyumba nzima inaamka na kazi inaanza. Mwingine akija na neno lake, hata apige kelele mpaka koo limkauke, hakuna anayegeuka. Ni nini hiyo?

Umesema shule. Hapana. Kanisa? Hapo umenichekesha, lakini hapana. Basi umeshindwa, nami sitakutoza kitu. Ni seli, zile chembe zilizojenga mwili wako na wangu. Usijione mjinga. Hata mimi niliishia darasa la saba, na jibu hilo nilipewa na mjukuu wangu Ntinyari, anayefanya kazi ya maabara hapa Meru mjini. Kazi yake ni kukata nyama za wagonjwa nyembamba kuliko karatasi, kuzipaka rangi na kuzitazama kwa hadubini. Yangu pia ilipita mezani pale, ingawa yeye hakuruhusiwa kuigusa. Ilitazamwa na mwenzake, na Ntinyari siku hiyo akashinda nje akinywa soda asiyoitaka.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi, nilipotolewa titi la kushoto. Majibu yalipotoka, alikuja nyumbani kwangu Kinoru, akaketi jikoni, akanieleza huku akiniita cucu, yaani bibi.

"Cucu, seli zina vipokezi. Chukulia ni masikio. Uvimbe wako una masikio ya homoni ya kike. Homoni ikipita kwenye damu inauambia 'kua', nao unakua."

"Homoni ya kike na umri huu? Si ilistaafu zamani?"

"Bado iko kidogo, cucu. Sasa hiki kidonge kinaenda kukaa ndani ya sikio kama nta. Homoni ikija na neno lake inakuta pamezibwa."

"Na nikiruka siku?"

"Usiruke. Kimoja kila siku, miaka mitano."

Kidonge chenyewe ni cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Nilikitazama nikaona kama nimeonewa: titi zima kuondoka, na badala yake kuletewa hiki. Lakini nilikinywa kila asubuhi na chai, bila kuruka, mpaka Igoki aliponiomba.

Igoki ni wa Gachoka, kule chini Mbeere, kwenye jua. Ukoo wao na ukoo wetu ni gichiaro. Wewe wa siku hizi huenda hujui hilo. Mababu walikula kiapo kwa damu, wakawa kama waliozaliwa tumbo moja. Mtu wa gichiaro huwezi kumwoa, huwezi kumpiga wala kumdanganya, na akikuomba kitu kwa mdomo wake, huwezi kumnyima. Ukimnyima, watu wanasema ngozi itakuwasha mpaka ujikune kwa kigae, na ng'ombe wako wataharibu mimba. Mimi ni Mmethodisti, nimebatizwa, naimba na akina mama kila Jumapili. Lakini gichiaro ni gichiaro. Sijamwona mtu wa kanisa letu akijaribu kukataa ili sisi wengine tuone itakuwaje.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa kule Mbeere. Igoki akapanda huku kwetu na mtoto mgongoni, huyo Mwenda ambaye sasa ana mvi, akasema kwa mama mkwe wangu, "Naomba mahali." Akapewa. Mume wangu alikuwa kazini Isiolo, kwa hiyo tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, Mwenda katikati akitupiga mateke sawasawa. Igoki alichukia baridi ya Meru kama mtu anavyomchukia jirani. Alivaa koti la mume wangu hata akipika. Tulibeba maji kwa zamu, ndoo moja, safari yangu kisha safari yake, tukitegana vitendawili njia nzima, na aliyeshindwa alibeba mara mbili. Mimi nilibeba mara mbili sana.

Alikaa miezi kumi. Mvua iliporudi kwao, aliondoka siku ya Jumatano. Nilibaki na watoto watatu, mama mkwe na ng'ombe wawili, na bado nyumba ilikuwa kama imehamwa. Nilikuwa nikichota uji napima wa watu wazima watatu, nakumbuka, narudisha wa mmoja sufuriani. Nilifanya hivyo kila siku karibu mwaka, na mpaka leo bado hukosea kipimo.

Tangu simu zije, tumekuwa tukipigiana kila Jumapili baada ya kanisa. Miaka mingi hiyo. Yeye anaanza, "Umekufa?" Mimi najibu, "Nangoja wewe utangulie, ndiwe mkubwa." Hizo ndizo salamu zetu.

Sasa, Jumapili moja mwaka jana, hakuniuliza kama nimekufa.

"Gatakaa, nami nina kitu kama chako," akasema. "Kwapani kuelekea titi. Wamenichoma sindano Embu wakatoa kipande. Majibu bado."

Nilikaa chini.

"Wewe walikupa dawa gani?"

"Walikata kwanza. Halafu kidonge cheupe."

"Na kinafanya kazi?"

"Si niko hapa naongea na wewe?"

Akasema kwa sauti nyingine, ile nzito ya wazee wakikaa barazani: "Gatakaa wa gichiaro, nakuomba. Nigawie."

Ungefanya nini wewe? Nilichukua mkasi nikakata karatasi za vidonge katikati. Kumi na tano vyake, kumi na tano vyangu. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikavitia ndani ya gunia la viazi, nikampa Mutegi anayepeleka viazi sokoni Embu, na Mwenda akavipokea huko. Kila mwezi hivyo. Tulikubaliana: siku ninayokunywa mimi yeye anapumzika, siku yake mimi napumzika. Nilidhani tunabeba ugonjwa kwa zamu, kama ile ndoo. Nilijiona mwema sana. Nilikuwa nafungua dirisha asubuhi ya zamu yake nikisema moyoni, haya Igoki, leo ni wako.

Ikapita miezi minne. Ntinyari alikuja kunitembelea, akafungua kabati kutafuta sukari, akakuta karatasi za vidonge.

"Cucu, mbona hizi zimekatwa na mkasi?"

Sikuweza kumdanganya, na hata kama si wa gichiaro, yule ana macho ya maabara. Nikasema yote. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyebeba mzigo mzito njia ndefu.

"Nyama yake ilipimwa masikio?"

"Sijui. Alisema majibu bado."

"Miezi minne, majibu bado? Cucu, hakwenda kuyachukua. Alipata vidonge vyako, akaona imetosha."

Alimpigia Mwenda hapo hapo. Kumbe hospitali ilikuwa imepiga simu mara tatu, na Igoki alikuwa akijibu, "Nimeshapata dawa, asanteni," kisha anakata. Mwenda alienda Embu mchana huohuo na mama yake akiwa amenuna nyuma ya gari, akachukua karatasi, akaisoma kwenye simu herufi kwa herufi. Ntinyari aliandika mkononi. Hasi, hasi, hasi. Mara tatu.

"Hasi si ndiyo nzuri?" nikauliza. "Si ukipimwa ugonjwa ukaambiwa hasi unashukuru Mungu?"

"Hii ni hasi ya masikio, cucu. Uvimbe wa cucu Igoki hauna hata moja ya yale masikio matatu tunayoyatafuta. Ni kiziwi. Sasa wewe umekuwa ukimtumia nta. Utaziba vipi masikio ya kiziwi?"

Hapo moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu.

"Basi unakua tu?"

"Unakua. Na kuna kitu kingine." Alichukua bahasha ya kanisa akachora duara. "Ukiwa mdogo unakula kwa majirani. Ukinenepa, katikati pananyimwa hewa. Basi unatuma neno nje, kwenye mishipa ya damu iliyo karibu. Na mishipa ina masikio ya neno hilo, kwa sababu ndilo neno hilohilo mwili unatumia ukiwa na kidonda kinachotaka damu. Haiulizi nani ametuma. Inachipua matawi kuelekea kule."

"Kama Gitobu."

Gitobu ni jirani yangu, aliyechepusha bomba la mradi wa maji hadi kwenye kabichi zake, akamwambia fundi kwamba ametumwa na kamati.

"Kama Gitobu hasa. Tofauti ni kwamba kabichi za Gitobu hazitapanda kwenye bomba kwenda shamba la mtu mwingine. Huo uvimbe unaweza."

"Dawa yake ipo?"

"Ipo. Dripu. Yenyewe haina haja ya masikio, inazipiga seli zikiwa zinagawanyika. Na uvimbe wa namna hii mara nyingi unaisikia dripu vizuri kuliko ule wako. Lakini aanze sasa. Si baada ya mavuno."

Jioni ileile nilimpigia Igoki.

"Hivyo vidonge viache. Havikusaidii."

"Vimekuishia?"

"Havijaisha. Uvimbe wako hauna masikio yake. Unahitaji dripu, Embu, wiki hii."

"Dripu ilimla dada yangu. Nywele kwanza, kisha kucha, kisha yeye."

"Dada yako alienda amechelewa, Igoki."

"Gatakaa." Sauti ilikuwa imekauka. "Nilikuomba. Sasa unaninyima, na huna ujasiri wa kusema unaninyima. Unaleta masikio."

Akakata.

Jumapili iliyofuata nilipiga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Jumapili nyingine, yuleyule mama wa kwenye simu, hapatikani. Nilimchukia mama yule. Mwenda aliniambia mama yake ameitoa betri na kuitia kwenye kopo la chumvi. Wiki tano. Nilirudia kidonge changu kila siku, kwa amri ya Ntinyari, na kila nilipokimeza niliona ni zamu ya mtu nimemwibia.

Nikuambie kitu cha ajabu. Katika wiki hizo nilianza kusikia simu isiyolia. Niko shambani nasikia mlio, nakimbia na matope miguuni, nafika, kimya. Birika likipumua nasema ndiye. Nilimwambia Ntinyari labda na kichwa nacho kimeshikwa.

"Hapana, cucu. Seli za ubongo hazigusani. Kati yao kuna ufa mdogo. Moja inarusha neno, nyingine inalidaka kwa masikio yake upande wa pili. Zikirushiwa maneno mengi mno kila siku, zinavuta masikio ndani. Si unamjua Kiunga?"

Ninamjua. Ni mtoto wa dada yangu, yuko Maua kwenye biashara ya miraa. Zamani kifungu kimoja kilimtosha kuongea mpaka asubuhi. Siku hizi anatafuna vitatu na anakaa tu kama gunia.

"Huyo masikio yameingia ndani. Sasa wewe ni kinyume. Seli ikikosa neno ililolizoea, inatoa masikio zaidi nje. Inasikiliza kwa nguvu. Kitu kidogo kikipita, hata birika, inaruka."

"Kwa hiyo hii ni hamu."

"Kitabu hakisemi hamu."

"Kitabu hakikulala na Igoki miezi kumi," nikamwambia, na tukacheka, halafu mimi nikalia kidogo, naye akajifanya anatafuta sukari.

Wazo lilinijia siku hiyo nikichambua maharagwe. Igoki aliniomba nami sikuweza kumnyima. Basi na mimi nina mdomo. Nikimwomba uso kwa uso kwa gichiaro aende Embu, hataweza kukataa. Hilo la betri kwenye chumvi sasa nililielewa. Alikuwa haogopi maneno yangu ya masikio. Alikuwa anaogopa kuombwa.

Kesho yake nilishuka. Nilifika Gachoka saa tano, jua limesimama utosini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mwenda alinipokea mlangoni akanong'ona, "Mama yuko nyuma. Akisikia gari la Embu huwa anahamia kwa mbuzi."

Nilimkuta anapepeta ndengu kwa ungo. Alikuwa amefunga leso kwa namna ya kuficha upande mmoja, na mkono wa upande huo ulikuwa umevimba kama mkate. Alinitazama juu mpaka chini.

"Umekonda. Huko Meru chakula kimeisha?"

"Na wewe umenuna. Nimekuja kuku—"

"Uji! Hujanywa uji. Mwenda, mletee mgeni uji."

Nikanywa uji. Nikaweka kikombe. "Igoki, nina neno moja tu la kuku—"

"Shika huyu." Akanitupia kamba ya mbuzi. "Anataka kukamuliwa na Mwenda hajui."

"Mwenda ana miaka arobaini na moja!"

"Na hajui. Shika."

Nikashika. Mbuzi alikuwa mweusi, mkali kama askari wa soko. Igoki akainama, lakini ule mkono mzito ulikataa kushika vizuri. Nilimwona akitumia mmoja, maziwa yakitoka kidogo kidogo, jasho likimtoka puani. Kila nilipofungua mdomo alianza kitendawili. Chenye mkia mrefu, chenye meno yasiyouma, vyote vya mwaka wa themanini na nne, vyote nilivijua, na safari hii sikujibu hata kimoja. Mbuzi akanipiga teke la goti. Nikapiga kelele na ndani ya kelele hiyohiyo nikasema yote kwa mara moja:

"Igoki wa gichiaro, nakuomba uende Embu uwekewe dripu!"

Mbuzi mwenyewe alisimama.

Igoki aliachia chuchu, akajifuta kwa leso. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekimbizwa mbali akashikwa, na kushikwa kwenyewe kumempumzisha.

"Umeshasema," akasema.

"Nimeshasema."

"Basi nikuulize, na huwezi kunidanganya. Anayeniomba ni ukoo, au ni wewe?"

Nilijua nikisema ni ukoo, kesho atapanda gari. Ataenda amefungwa kamba kama huyu mbuzi, akiogopa kuwashwa ngozi. Na dripu ya kwanza ikimtapisha, ya pili hatakwenda, maana atakuwa ametimiza, aliombwa mara moja akatoa mara moja. Na Ntinyari alisema ni dripu nyingi, miezi. Lakini nikisema ni mimi, basi ana ruhusa ya kukataa, na uvimbe ule hautamngoja tubembelezane.

"Ni mimi," nikasema. "Ukoo nimeuacha Kinoru. Ukitaka kunikataa nikatae, hakuna kitakachokuwasha. Mimi ndiye sijaweza kupika uji wa kipimo tangu uondoke, na hiyo ni miaka arobaini. Vile vidonge nilikupa kwa sababu niliogopa kukunyima, nikakucheleweshea dawa. Hilo ni langu, unisamehe au usinisamehe. Lakini nakuuliza kama Gatakaa. Utaenda?"

Aliuchukua ungo wake akarudi kwenye ndengu.

Alipepeta ungo wa kwanza. Alipepeta wa pili. Mwenda alikuja na maji, akatutazama, akarudi nayo. Mimi nilimalizia kukamua mbuzi, vibaya, nusu ikaingia kwenye kiatu. Kivuli cha nyumba kilitoka ukutani kikafika miguuni petu. Nilianza kufikiria gari la mwisho la kupanda Meru, nikasimama, nikakunguta rinda langu. Nilikuwa nimeshachukua mkoba. Nilisema moyoni, umempa ruhusa na ameitumia, usimlaumu.

"Keti," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Nikaketi.

"Hizo dripu ni ngapi?"

"Ntinyari anasema labda nane. Halafu kisu."

Akatoa jiwe moja kwenye ndengu, akalitazama, akalitupa mbali.

"Nitaenda," akasema. "Ila wewe ndiye utakayenishika mkono. Mwenda akiona sindano anaanguka, nami siwezi kuugua na kumwokota mtu kwa wakati mmoja."